Moyo Wenye Tumaini na Afya ya Mwili

Masomo ya kusoma nyumbani: Mithali 17:22, Yeremia 28:1-11 na 29:1-10, Wafilipi 2:25-30 na 4:4-8, 1 Timotheo 5:23



Katika makazi yetu, mtu akiugua husikia maneno ya namna mbili. Wengine humwambia, "Acha mawazo, utapona." Wengine humwambia, "Ungekuwa na imani usingeugua." Neno la kwanza lina ukweli ndani yake. La pili limewaumiza ndugu wengi. Mwezi huu tuyapime yote mawili.

1. Moyo na mwili hukaa nyumba moja

Kitabu cha Mithali kilifundisha zamani kwamba moyo ukifurahi mwili nao hupata nafuu, na kwamba huzuni ya muda mrefu humla mtu kutoka ndani. Sisi tuliokimbia vita tunalijua jambo hili. Mtu akisikia mlio wa risasi, mwili humwaga homoni ziitwazo adrenalini na kotisoli. Moyo hudunda mbio, misuli hukaza, miguu hupata nguvu ya kukimbia. Huo ni msaada wa Mungu kwa saa ya hatari. Shida huja pale hatari inapopita lakini mawazo yanabaki, mwezi hata mwezi. Usingizi hupotea, presha hupanda, na kinga ya mwili hupungua.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 1991 Sheldon Cohen na wenzake walitoa matokeo ya watu 394 wenye afya waliokubali kutiwa virusi vya mafua puani. Kadiri mtu alivyokuwa na msongo wa mawazo, ndivyo alivyokuwa rahisi kuugua. Mwaka 2003 Cohen alionyesha upande wa pili: kati ya watu 334, wale waliozoea kuwa wachangamfu na watulivu waliugua mafua kwa uchache zaidi. Naye Janice Kiecolt-Glaser, mwaka 1995, aliwachunguza wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza jamaa waliopotewa na akili kwa uzee. Kidonda kidogo kwenye mkono wao kilichelewa kupona kwa siku 9 kuliko cha wenzao wasio na mzigo huo.

Basi anayesema "acha mawazo" hakosei. Lakini tutayaachaje?

2. Tumaini lililofungwa kwenye tarehe

Viktor Frankl alikuwa daktari Myahudi wa mji wa Vienna. Wanazi walimfunga katika kambi zao tangu 1942 hadi 1945. Alisimulia habari za mfungwa mwenzake aliyeota ndoto kwamba vita vingekwisha kwao tarehe 30 Machi 1945. Mtu yule alijaa furaha. Siku ilipokaribia na habari za vita hazikuonyesha dalili yoyote, alishikwa na homa kali. Tarehe 31 Machi akafa kwa tifasi, ugonjwa unaoenezwa na chawa. Frankl aliamini kwamba tumaini lilipokatika ghafla, mwili nao uliishiwa nguvu ya kupambana na ugonjwa uliokuwa tayari ndani yake.

Watu wa Yuda nao walijaribiwa hivyo hivyo. Nabii wa uongo Hanania aliwatangazia kwamba katika muda wa miaka 2 waliochukuliwa Babeli wangerudi. Yalikuwa maneno matamu, lakini Mungu hakumtuma. Yeremia aliwaandikia waliohamishwa barua ya namna nyingine: wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, wauombee amani mji waliomo, kwa maana kurudi kungekuwa baada ya miaka 70. Hakuwanyima tumaini. Aliwapa tumaini pamoja na jembe.

Sisi nasi tunasubiri. Wengine tunasubiri kurudi nyumbani, wengine tunasubiri majina ya kwenda nchi ya tatu. Kusubiri si dhambi. Lakini tukisema, "Nitaanza kuishi siku nitakayoitwa," tumefanya kama wale waliomsikiliza Hanania. Siku jina lisipoonekana ubaoni, mwili wote hulegea.

3. Tumaini halichukui nafasi ya dawa

Mwaka 2007 James Coyne na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 1,093 wenye saratani ya kichwa na shingo. Hali njema ya moyo haikubadili nani ataishi na nani atafariki. Kwa hiyo tusimwambie mfiwa kwamba mgonjwa wake alikosa kuwaza mema au alikosa imani. Epafrodito aliugua karibu na kufa akiwa katika kazi ya Kristo, na Paulo hakumlaumu, bali aliagiza apokewe kwa heshima. Timotheo aliyeumwa tumbo mara kwa mara hakuambiwa aombe tu. Alishauriwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake.

Basi tumalize dozi. Dawa ya mseto ya malaria ni siku 3, hata kama homa imeshuka siku ya kwanza. Dawa za kifua kikuu ni za miezi mingi, na za kupunguza makali ya UKIMWI ni za kila siku. Aliyeombewa aendelee kumeza mpaka mhudumu wa afya aseme vinginevyo. Na ndugu asiyelala wala kula kwa majuma, au anayesema heri afe, asiachwe peke yake. Tumsindikize zahanati.

4. Tufanye nini nyumbani

Paulo aliwahimiza Wafilipi wafurahi na wayatafakari yaliyo mema, naye alikuwa amefungwa. Tufuate mfano huo kwa mambo madogo:

- Kila siku tufanye kazi moja yenye matunda, hata kama ni tuta moja la mboga au kumfundisha mtoto kusoma.
- Jioni kila mmoja nyumbani ataje jambo moja la kumshukuru Mungu.
- Tusikose kwaya na vikundi vya maombi. Mwenye mawazo akijifungia, mawazo huongezeka.
- Tukimtembelea mgonjwa, tumpelekee maji au uji kabla ya mahubiri.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, tumaini langu limefungwa kwenye tarehe gani?
2. Ni nani jirani yetu aliyelaumiwa kwa ugonjwa wake? Tutamwendea lini?
3. Leo, Yeremia angetuambia tupande nini hapa tulipo?

Mungu wa tumaini awape afya ya moyo na ya mwili. Amina.