ADILI NA NYANI WAWILI

Kakontwe, karibu na mji wa Likasi, ni mahali pa mawe. Jiwe lake la chokaa limechimbwa kwa miaka mingi, na wataalamu wa mawe wanalitumia jina la Kakontwe hata ng'ambo ya mpaka, katika Zambia, wanapokutana na jiwe la namna ile ile. Basi mtoto wa Kakontwe hashangai kuona jiwe. Lakini kiko kitabu cha Kiswahili ambamo watu wa mji mzima wamegeuka mawe. Kijana mgeni anaingia katika mji ule, na hakuna mtu wa kumjibu salamu, ila msichana mmoja tu aliyebaki hai, jina lake Mwelekevu.

Kitabu hicho kinaitwa Adili na Nduguze. Mtungaji wake ni Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 huko Vibambani, karibu na Tanga, pwani ya Tanzania. Alikuwa karani wa forodha, akatunga mashairi na hadithi nyingi, akafa mwaka 1962. Kitabu kilipigwa chapa mwaka 1952. Siku zile Likasi uliitwa bado Jadotville, jina lililoondolewa mwaka 1966.

Hadithi yenyewe ni hii. Katika nchi ya Ughaibu alitawala mfalme jina lake Rai. Liwali wake katika mji wa Janibu, yaani mtu aliyeutawala mji ule kwa niaba ya mfalme, alikuwa Adili. Mfalme akamtuma mjumbe wake, Ikibali, aende Janibu kuleta kodi. Adili akampokea vizuri sana. Lakini usiku Ikibali aliona jambo la kutisha. Adili alishika mjeledi, akaenda mahali walipofungwa nyani wawili, akawapiga. Nyani ni mnyama wa jamaa ya kima, ila ni mkubwa zaidi. Alipokwisha kuwapiga akalia machozi, akawapa chakula kizuri.

Ikibali alirudi akamweleza mfalme. Mfalme aliwapenda wanyama, naye alikasirika, akamwita Adili pamoja na nyani wake. Hapo Adili akasema kweli yote: nyani wale walikuwa ndugu zake wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu.

Majina ya kitabu hiki yanasema waziwazi, pengine waziwazi mno. Adili ni mtu wa haki. Hasidi ni mtu asiyependa mwenzake apate kitu kizuri, na Mwivu ni mtu wa wivu. Msomaji anajua tangu mwanzo ubaya utatoka wapi. Hata hivyo hafungi kitabu, kwa sababu anataka kujua Adili atafanya nini.

Baba yao alipokufa, ndugu wale wawili walipoteza mali yao, na Adili akawasaidia. Wakasafiri pamoja kwa biashara. Njiani Adili aliona kiumbe dhaifu akikimbizwa na nyoka. Alimwonea huruma, akamwua yule nyoka. Kumbe kiumbe yule alikuwa Huria, binti wa mfalme wa majini. Jini, katika hadithi za pwani, ni kiumbe asiyeonekana, mwenye nguvu, anayeweza kujigeuza umbo. Adili hakujua kwamba anamsaidia binti wa mfalme. Urafiki wao ulianza na huruma tu.

Baadaye Hasidi na Mwivu waliona wivu, wakamtupa ndugu yao baharini. Huria akaja, akamwokoa. Kisha akataka kuwaua wale wawili. Neno lake moja lilitosha, na hakuna mtu ambaye angemlaumu Adili kwa kunyamaza. Adili hakunyamaza. Akawaombea. Huria akawaacha hai, lakini aliwageuza nyani, akamwamuru Adili awapige kila usiku.

Hadithi hii inafuata hadithi ya kale iliyomo katika Elfu Lela Ulela, kitabu cha Waarabu. Mle ndugu wabaya waligeuzwa mbwa, si nyani. Tena mle, walipofunguliwa na kurudia umbo la watu, walijaribu tena kumwua ndugu yao. Shaaban Robert hakutaka mwisho wa namna hiyo. Mtu anayesoma hadithi zote mbili huona jinsi mtungaji alivyochukua nguo ya zamani akaishona upya.

Watoto wa Katanga wanazo hadithi zao za ajabu. Wengi wamesikia habari za mamba muntu, nusu mwanamke, nusu samaki, ambaye wachoraji wa Lubumbashi wamemchora mara nyingi. Husemwa kwamba humtajirisha mtu, kisha humdai malipo makali. Huria si wa namna hiyo. Yeye hanunui mtu. Anarudisha wema aliotendewa.

Hapa pana jambo la kuangalia. Uchawi wa kitabu unakaa katika kitabu. Hakuna mtoto awezaye kumgeuza mwenzake nyani, wala kumletea jirani ugonjwa kwa kumtazama. Lakini katika Kongo wako watoto waliofukuzwa nyumbani kwa sababu mtu fulani alisema, "Huyu ni mchawi." Mtoto mdogo ameugua, au baba amekosa kazi, na lawama imemwangukia mtoto asiye na mtu wa kumtetea, mara nyingi yatima. Sheria ya nchi ya kumlinda mtoto, ya tarehe 10 mwezi wa kwanza, mwaka 2009, inakataza jambo hilo, na anayemsingizia mtoto uchawi anaweza kufungwa gerezani. Shuleni neno hilo huanza kwa mchezo: wawili wanagombana, mmoja analitamka, na kesho yake hakuna anayetaka kukaa na yule mwingine katika benchi moja.

Wanafunzi wa katekisimu watamkumbuka Yosefu, ambaye ndugu zake walimtupa shimoni kwa wivu, kisha wakamwuza. Shaaban Robert alikuwa Mwislamu, na Waislamu nao wanamheshimu Yosefu.

Mfalme Rai, aliposikia maneno ya Adili, hasira yake ikatulia. Akawaombea wale ndugu, na ombi lake likakubaliwa. Hasidi na Mwivu wakarudia umbo la watu. Mjeledi ukawekwa chini.

Maswali

1. Ikibali aliona nini usiku? Kwa nini Adili alilia?
2. Adili alimsaidia Huria kabla ya kujua yeye ni nani. Jambo hilo linaonyesha nini?
3. Mwenzako akiitwa mchawi shuleni, nawe unajua si kweli, utafanya nini siku ile ile?