Injini ya Chombo Inapopoteza Nguvu

Katika visiwa vya Lamu njia kuu ni bahari. Atokaye Mokowe kwenda mjini Lamu, au Lamu kwenda Mtangawanda na Faza, husafiri kwa chombo. Na vyombo vingi sasa vina injini. Injini ikizimika katika Mkanda, abiria huchelewa. Ikizimika katika bahari kuu wakati wa kusi, maisha yao yamo hatarini. Kwa hiyo yafaa kila nahodha azijue dalili za injini inayodhoofika.

Nguvu hutoka wapi

Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Pistoni hupanda na kuibana hewa mpaka ikaenea katika nafasi iliyo sehemu moja ya 16, au hata ya 20, ya nafasi yake ya kwanza. Kwa kubanwa hivyo hewa hupata joto lipitalo digrii 500 za sentigredi, na dizeli inyunyizwapo humo huwaka yenyewe. Mbano huo mafundi huuita kompresheni. Hewa ikivuja, joto halitoshi: injini hukataa kuwaka asubuhi, hutoa moshi mweupe, na nguvu zake hupungua.

Hewa huvuja kwa njia tatu: ringi za pistoni zilizolika, valvu zisizofunga barabara, au gasketi ya hedi iliyoungua. Gasketi ni bamba jembamba lililo kati ya bloku na hedi. Kazi yake ni kuzuia moto wa silinda, maji ya kupoza na oili visichanganyike.

Kutambua palipoharibika

Kwanza itazamwe dizeli yenyewe. Chujio chafu, au hewa katika bomba la mafuta, huleta dalili kama hizo, na kuitengeneza ni kazi ndogo. Kisha fundi apime kila silinda kwa geji ya dizeli, kwani geji ya petroli haistahimili mbano huo. Halafu alinganishe vipimo na kitabu cha injini.

Ringi zikiwa zimelika, moshi huwa wa buluu, oili hupungua, na hewa hupuma kwa nguvu penye tundu la kujazia oili. Valvu zikiwa mbovu, injini ikizungushwa polepole kwa mkono, hewa husikika ikilia katika bomba la moshi au katika njia ya kuingizia hewa.

Gasketi ina dalili zake. Maji ya kupoza hutoa mapovu yasiyokoma, au hupungua bila kuonekana yanakovuja. Oili hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Silinda mbili zilizo jirani zikipungua mbano pamoja, huenda gasketi imepasuka kati yao. Kifuniko cha maji kisifunguliwe injini ikiwa moto, kwani mvuke wake huunguza vibaya. Na oili ikishaingia maji, injini isiwashwe tena mpaka itengenezwe, hasa yakiwa maji ya chumvi, ambayo hula chuma upesi.

Kuondoa chanzo

Gasketi haiungui bure; mara nyingi huunguzwa na joto lililozidi. Maji yanapotoka, chombo kipitacho penye kina kidogo huvuta mchanga na majani ya bahari, na njia ya maji huziba. Mpira wa pampu pia hulika. Mwenye kubadili gasketi bila kutazama hayo ataibadili tena.

Hedi ikifunguliwa, ipimwe kwa rula iliyonyooka ili ijulikane kama imepinda, na itazamwe kama ina ufa. Gasketi ya zamani isirudishwe. Bolti zikazwe kidogo kidogo, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa kipimo cha kitabu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nahodha atazamaye kila safari maji yatokayo ubavuni mwa chombo, akazima injini mara yanapopungua, huokoa gasketi, na pamoja nayo fedha zake na watu wake.