Luther Alivyowaongoza Watu wa Wittenberg

Mara nyingi usharika hugawanyika kwa sababu ya jambo jipya, hata likiwa jema. Basi na tuitazame habari ya Wittenberg.

Tangu mwezi wa Mei 1521 Luther alikuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg. Nyuma yake mwalimu mwenzake, Karlstadt, alifanya haraka. Siku ya Krismasi alitoa Chakula cha Bwana pasipo mavazi ya kipadre, akawapa watu mkate na kikombe pia. Baadaye wengine wakaziondoa sanamu kanisani kwa nguvu, mji ukajaa fujo.

Luther akarudi tarehe 6 Machi 1522. Jumapili, tarehe 9, akapanda mimbarani, akahubiri siku nane mfululizo. Angalieni sana: hakusema ya kwamba mambo yale mapya ni mabaya, habari ya kikombe yeye mwenyewe alikuwa ameifundisha. Alilolikemea ni kuwashurutisha watu ambao mioyo yao haijafundishwa bado. Akawakumbusha maziwa aliyoyataja Paulo (1 Kor. 3:2). Mama hampi mtoto mchanga chakula kigumu, wala hamlaumu kwa kukosa meno.

Basi ibada ya Kilatini ikarudishwa pamoja na mavazi yake. Aliyetaka kikombe alipewa, asiyetaka hakulazimishwa. Luther mwenyewe aliendelea kuvaa kanzu ya utawa hata mwaka 1524. Labda mtu atasema huo ni woga. Mimi naona sivyo, maana kuamuru ni kazi ya siku moja, bali kufundisha ni kazi ya miaka. Ibada ya Kijerumani ilipigwa chapa mwaka 1526, na watu walikuwa wamekwisha kuzizoea nyimbo za lugha yao.

Lakini kungoja si kulala. Alipozikagua sharika za Saksonia aliona watu wengi, hata wachungaji, hawazijui Amri wala Sala ya Bwana. Kwa hiyo mwaka 1529 akatoa Katekisimo Ndogo. Na katika dibaji ya Katekisimo Kubwa aliwakaripia wachungaji waliodhani ya kuwa wameimaliza kwa kuisoma mara moja. Yeye, daktari wa Maandiko, aliikariri kila asubuhi kama mtoto, naye alikiri kwamba hajaihitimu.

Walimu, mtakapokutana someni Matendo 18:24–28. Apolo alikuwa mtu wa elimu. Semeni ni nani waliomfundisha zaidi, na walimfundishia wapi.