Jipu la Simbilisi Linalorudi Kila Mara

Ukimpapasa simbilisi wako chini ya taya ukakuta donge la ukubwa wa harage au zaidi, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni jipu. Linaweza kukaa hapo hata wiki mbili bila kumsumbua: anakula, anapiga mluzi akisikia mfuko wa majani, anafukuzana na wenzake. Kisha linapasuka, usaha unatoka, manyoya ya shingo yanagandana, na watoto wanafurahi kwamba sasa amepona. Wiki chache baadaye donge limerudi palepale. Kama umefika hapo, au unahofia kufika, soma taratibu. Ugonjwa huu hutibika mara nyingi, ila si kwa haraka, na baadhi ya mambo yanayofanywa kwa nia njema ndiyo humwua mnyama.

Kwanza, kwa nini haliponi? Simbilisi wengi hubeba puani na machoni bakteria aitwaye Streptococcus zooepidemicus bila kuumwa. Akitafuna nyasi ngumu zenye miiba au makapi makali, kinywa kinachubuka ndani, bakteria anapenya na kuingia kwenye tezi za shingo. Tezi ni vile vichujio vya mwili vinavyovimba mtu akiwa na maambukizi. Usaha wa simbilisi hautiririki kama wa binadamu. Ni mzito kama samli iliyoganda. Mwili hujenga ukuta wa ngozi ngumu kuuzunguka, na dawa inayosafiri kwenye damu haiupenyi ukuta huo vizuri. Jipu likipasuka lenyewe, usaha hupungua lakini ukuta hubaki, na bakteria hubaki ndani yake.

Sababu ya pili ni meno, nayo husahaulika. Simbilisi ana meno 20, na yote huendelea kukua maisha yake yote. Asipopata nyasi za kutosha kuyasaga, meno ya nyuma hupinda na kuota ncha zinazochoma ulimi na mashavu, au mizizi yake huoza na kutunga usaha kwenye mfupa wa taya. Jipu la namna hiyo halitapona hata umpe dawa mwaka mzima, maana chanzo chake ni jino. Pia madume waliofungiwa pamoja hung'atana, na jeraha la meno huziba juu likioza ndani.

Usilikamue. Usilichome kwa sindano iliyopitishwa kwenye moto, wala usilipasue kwa wembe. Ukilibana, usaha unaweza kupasukia ndani na kusambaa kwenye nyama za shingo, mahali penye mishipa mikubwa ya damu. Tena si kila donge ni jipu. Mengine ni uvimbe wa saratani ya tezi, na daktari hutofautisha kwa kuvuta majimaji kidogo kwa sindano.

Sasa tuje kwenye hatari kubwa kuliko jipu lenyewe. Katika nyumba nyingi za kwetu kuna amoksilini iliyobaki, na katika kila duka la dawa za mifugo kuna sindano ya penisilini iliyochanganywa na streptomaisini, ile ambayo wafugaji huiita penstrep. Usimpe simbilisi hata moja kati ya hizo. Tumbo lake hutegemea bakteria wema wanaomeng'enya nyasi. Amoksilini, ampisilini, penisilini, klindamaisini na linkomaisini huwaua hao wema, na nafasi yao huchukuliwa na bakteria waovu wenye sumu. Anaacha kula, anaharisha, na ndani ya siku chache anakufa. Erithromaisini na oksitetrasaiklini, ile OTC ya kila zizi, nazo zimo kwenye orodha ya dawa za kuogopwa. Mhudumu wa duka anaweza kukuuzia kwa moyo safi kabisa kwa sababu zinamfaa ng'ombe, mbuzi na mtoto wa binadamu. Mwambie waziwazi kwamba mgonjwa ni simbilisi, na kama hajui, ondoka na pesa yako.

Dawa ambazo madaktari huzitumia kwa simbilisi ni pamoja na enrofloksasini na kotrimoksazoli, ambayo wengi wetu tunaifahamu kwa jina la Septrin. Hata hizo zisubiri daktari akupimie kwa uzito wa mnyama. Fikiria hesabu hii: enrofloksasini ya kuku ya asilimia 10 ina miligramu 100 katika kila mililita moja, wakati simbilisi wa kilo moja huhitaji kiasi cha miligramu 10 tu kwa dozi. Hilo ni tone au mawili. Kosea kidogo, umempa mara tano. Daktari ataizimua kwanza, na utapimia kwa bomba la sindano la mililita moja, lisilo na sindano, ambalo kwa Tanzania halizidi shilingi 500. Matibabu huchukua wiki mbili hadi nne, pengine zaidi. Kuacha siku ya tano kwa kuwa uvimbe umenywea ni kukaribisha jipu la pili, gumu kuliko la kwanza. Akianza kuharisha katikati ya dozi, simamisha na umpigie daktari siku hiyohiyo.

Utampata wapi daktari anayemjua simbilisi? Kusema kweli, wengi wamebobea kwenye ng'ombe na mbwa, kwa hiyo piga simu kabla ya kwenda na uulize kama amewahi kumfanyia upasuaji simbilisi au sungura. Aliyezoea sungura atakufaa, maana matumbo yao na hatari za dawa zao vinafanana sana. Kwa Tanzania, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro ni mahali pazuri pa kuanzia. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, wenye makao Temeke jijini Dar es Salaam na vituo katika kanda mbalimbali, ndiyo maabara ambayo daktari wako anaweza kuiulizia kipimo cha usaha. Kwa Kenya kuna kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete. Kwa Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere. Kipimo chenyewe ni cha kuotesha vimelea: usaha unawekwa kwenye chakula cha bakteria, bakteria wanaota, kisha dawa mbalimbali zinajaribiwa juu yao kuona ipi inawaua. Kama jipu limesharudi mara moja, mimi ningelipia kipimo hiki kabla ya kununua chupa nyingine ya dawa kwa kubahatisha.

Kuhusu gharama, uliza bei ya vitu vitatu kimoja kimoja: kumwona daktari, kipimo cha usaha, na upasuaji pamoja na dawa ya usingizi. Cha tatu ndicho kizito, na hutofautiana sana kati ya kliniki moja na nyingine, hivyo usione haya kuuliza sehemu mbili. Wapo watakaokucheka kwamba unatumia pesa hizo kwa mnyama anayeuzwa bei ya kuku. Waache wacheke.

Upasuaji wenyewe ni wa namna mbili. Daktari akiweza, huling'oa jipu zima pamoja na ukuta wake; hiyo ndiyo njia bora. Asipoweza, hulifungua, hulisafisha na kuliacha wazi makusudi ili lipone kuanzia ndani kuja nje. Usishtuke kurudishiwa mnyama mwenye tundu shingoni. Na usimfungishe usiku kucha kabla ya upasuaji kama wafanyiwavyo watu. Simbilisi hatapiki, na tumbo lililokaa tupu linaweza kusimama kufanya kazi. Muulize daktari saa ya mwisho ya kula. Huwa ni karibu sana na upasuaji.

Nyumbani, jeraha la wazi husafishwa mara mbili kwa siku. Chemsha maji, yapoe, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi katika robo lita, kisha mwagia ndani ya tundu taratibu kwa bomba la sindano huku msaidizi amemviringisha mnyama kwenye taulo. Lengo ni kwamba tundu lisizibe juu kabla ya kujaa ndani, kwa hiyo gamba laini likifunga mlango mapema, lilainishe kwa maji hayo na kulitoa. Usiweke spiriti, majivu wala unga wa kapsuli. Dawa ya maumivu daktari atakupa, mara nyingi meloksikamu. Usimpe diklofenaki wala panado ya nyumbani. Usaha ukianza kunuka vibaya au shingo ikivimba upya, rudi.

Yote hayo yatakuwa bure asipokula, na hapa ndipo wagonjwa wengi hupotea. Simbilisi aliyekaa nusu siku bila kutia kitu mdomoni tayari yuko hatarini. Siku nzima ni dharura. Nunua mizani ya kidijitali ya jikoni, ambayo kwa kawaida hupatikana kwa chini ya shilingi 30,000 za Tanzania au 1,500 za Kenya, na umpime kila asubuhi saa ileile. Simbilisi aliyekomaa huwa na gramu 700 hadi 1,200. Andika. Akipungua gramu 30 au 40 anza kuwa macho, akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake mpeleke kwa daktari hata kama anaonekana mchangamfu, maana wanyama wanaowindwa huficha ugonjwa mpaka mwisho. Wakati huohuo mlishe mwenyewe: loweka chakula cha vidonge cha sungura kwenye maji ya vuguvugu, kiponde kiwe uji laini, mpe kama mililita 10 kwa mlo, mara tano au sita kwa siku. Ingiza bomba pembeni, nyuma ya meno ya mbele, sukuma kidogo kidogo, subiri atafune. Ukimmiminia kwa nguvu utaupeleka uji mapafuni. Ukimwona anakula kinyesi chake laini, mwache. Ni sehemu ya kawaida ya usagaji wake wa chakula.

Vitamini C nayo ni lazima. Kama sisi binadamu, simbilisi hawezi kuitengeneza mwilini, na akiikosa vidonda havifungi. Mwenye afya huhitaji karibu miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku. Mgonjwa huhitaji 30 hadi 50. Nusu ya pilipili hoho ya kijani ya wastani inakaribia kiasi hicho. Sukuma wiki husaidia, na kipande chembamba cha pera pia, ingawa sukari yake haitaki kuzidishwa. Mchicha mpe mara mojamoja tu, kwa hofu ya mawe kwenye kibofu. Vidonge vya vitamini C tupu vya duka la dawa vinaweza kupondwa ndani ya uji. Vile vya mchanganyiko wa vitamini nyingi viache. Kuitia kwenye maji ya kunywa hakusaidii sana kwa sababu huharibika kwa mwanga na hewa.

Banda lake nalo liangalie. Ondoa maranda yenye vumbi kutoka kwa fundi seremala na nyasi zenye miiba, weka taulo au kitambaa kizito kinachofuliwa, pamoja na nyasi kavu laini kama boma rhodes. Pwani, mweke mahali penye upepo. Joto likipita nyuzi 28 linaweza kumwua hata akiwa mzima. Ukiwa na simbilisi kadhaa, mtenge mgonjwa ila waonane na kusikiana, na uwapapase wote shingoni. Sungura wasikae naye banda moja, desturi ambayo ni ya kawaida sana huku kwetu: sungura hubeba puani Bordetella bila kuumwa, na kwa simbilisi huleta homa kali ya mapafu.

Na watu wa nyumbani? Bakteria wa jipu hili huwapata binadamu mara chache, lakini huwapata. Vaa glovu, nawa kwa sabuni, funga pamba zilizotumika kwenye mfuko, na kazi hii asipewe mtoto, mjamzito wala mtu mwenye kinga dhaifu.

Ikitokea mfupa wa taya umeoza, uzito unashuka licha ya uji, na kila siku ni maumivu, muulize daktari kuhusu kumlaza kwa sindano, yaani afe bila maumivu. Si ukatili. Watoto waelezwe ukweli, kwa maneno wanayoyaelewa.

Akipona, endelea kumpapasa chini ya taya na kumpima uzito kila wiki. Donge likirudi upande uleule, usikubali chupa ya tatu ya dawa kabla meno ya nyuma hayajatazamwa na taya halijapigwa picha ya eksirei.