Nidhamu ya Wachezaji na Nyadhifa za Kujitolea: Kijitabu kwa Klabu za Ridhaa za Tabora na Njia ya Reli ya Kati

Njia kuu ya misafara, iliyoondoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na nchi ya Wagogo, ikaingia Unyamwezi na kupumzika Tabora kabla ya kushika Uvinza na kuteremkia Ujiji, iliwafundisha watu wa magharibi ya nchi yetu jambo ambalo klabu zetu za michezo zingali zinalihitaji: namna ya kuwakusanya watu mia wasio wa ukoo mmoja, kila mmoja na mzigo wake begani, na kuwafanya waende kwa amri moja bila ya kuwafunga kamba. (Twawasema hapa wapagazi huru wa Kinyamwezi, waliokwenda kwa ujira, mateka waliopitishwa njia hiyo hiyo ni habari nyingine, tena ya huzuni.) Reli iliyofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, iliyapumzisha mabega ya wapagazi, lakini tatizo la amri na hiari halikuondoka pamoja nao, lipo leo katika kila uwanja ambamo vijana hukusanyika jioni kucheza pasipo mshahara, chini ya viongozi ambao nao hawana mshahara.

Kijitabu hiki kimekusudiwa viongozi hao: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mwalimu wa timu, nahodha, na yule mtu wa sita ambaye hatajwi katika katiba ingawa ndiye anayebeba mipira kwenda na kurudi kwa baiskeli. Mifano mingi tumeitoa katika raga, mchezo ambao katika Tanzania unajulikana zaidi Arusha na Dar es Salaam kuliko kwetu, na sababu yake ni hii, kwamba mchezo ambao sheria zake zinaruhusu watu kugongana kwa nguvu umelazimika kufikiri sana juu ya mpaka wa nguvu hiyo, na juu ya adhabu ya anayeuvuka. Isitoshe, raga ilikuwa mchezo wa ridhaa duniani kote hadi Agosti 1995, ndipo wakubwa wake waliporuhusu malipo; na Afrika Mashariki, ambako Kombe la Enterprise limeshindaniwa tangu mwaka 1930, na ambako Mwamba ya Nairobi iliasisiwa mwaka 1977, klabu zimeishi kwa miongo mingi kwa jasho la watu wa kujitolea. Mchezaji wa kandanda au wa netiboli asidhani kwamba maneno haya hayamhusu.

Mshale uliotolewa podoni

Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kaze, karibu na Tabora ya leo, pamoja na mwenzake Speke mwezi Novemba 1857, ameandika habari ya kirangozi, yule mpagazi aliyetangulia mbele ya msafara na bendera, ya kwamba ilikuwa haramu kwa mpagazi yeyote kumpita njiani. Na aliyempita, hakupigwa pale pale wala msafara haukusimamishwa kwa ajili yake, bali mshale mmoja ulichomolewa katika podo lake ukawekwa, ili safari ya siku ile ikiisha kosa lijulikane ni la nani na faini itozwe.

Desturi hiyo ina hekima ambayo klabu nyingi za leo hazinayo. Kosa lilitambuliwa papo hapo, lakini hukumu ilingoja kambini, baada ya jua kupungua na hasira kutulia. Ushahidi ulikuwa kitu kinachoshikika, si masimulizi ya aliyechukia. Na kosa lilikuwa limejulikana kwa watu wote tangu mwanzo wa safari, hata pasiwe na mtu wa kusema kwamba hakuambiwa. Kadi ya mwamuzi ni mshale huo huo. Katika raga ya watu 15 kadi ya njano humtoa mchezaji kwa dakika 10, na katika raga ya watu 7 kwa dakika 2, na nyekundu humtoa kwa mchezo wote. Lakini kadi nyekundu haimalizi shauri, maana hukumu ya majuma au michezo atakayokosa hutolewa baadaye, na watu wengine, katika kikao. Mwalimu anayemfukuza mchezaji katika klabu akiwa angali amesimama kwenye mstari wa uwanja, sauti yake ikisikika mpaka barabarani, huwa amechomoa mshale na kumchoma nao mwenye podo.

Tena msafara ulikuwa na somo la pili. Mpagazi aliyeona amedhulumiwa hakuwa na mahakama ya kwenda. Aliusubiri usiku, akauacha mzigo chini, akashika njia ya kwao. Ikiwa mtu aliyeahidiwa nguo na posho aliweza kuondoka hivyo, mtu asiyeahidiwa chochote atazuiwa na nini? Klabu ya ridhaa haina mshahara wa kukata. Ina heshima ya hukumu yake tu, na heshima hiyo ikipotea mara moja, mazoezi ya Jumanne yatahudhuriwa na watu wanne.

Kusikiliza shauri

Tuseme mchezaji wa safu ya mbele amempiga mpinzani ngumi katika skramu, pale safu za mbele za timu mbili zinaposukumana, kipindi cha pili, na mwamuzi akamtoa kwa kadi nyekundu. Jioni ile ile katibu aandike mambo matatu katika daftari: dakika, maneno ya mwamuzi kama yalivyo katika taarifa yake, na majina ya walioona. Asiandike maoni yake. Kesho yake, au kesho kutwa, mchezaji apewe barua fupi inayotaja kosa analoshitakiwa na kifungu cha kanuni za klabu, siku ya kikao, na haki yake ya kuja na mtu mmoja wa kumsemea. Na barua hiyo apewe mkononi, si kusomewa mbele ya wenzake, kwa kuwa fedheha ni adhabu, nayo adhabu haitangulii hukumu.

Kikao kiwe cha watu watatu. Mwalimu wa timu asiwemo, hata akiwa mwadilifu kupita wote, maana yeye ana haja na mchezaji yule Jumamosi ijayo, na mwenye haja hapimi sawasawa. Wala asiwemo jamaa wa mshitakiwa, jambo ambalo katika miji yetu, ambamo nusu ya timu ni watani na nusu ni mashemeji, huwalazimu viongozi kutafuta mtu wa nje, kama mwalimu wa shule ya jirani au mwamuzi mstaafu. Mshitakiwa asikilizwe hadi mwisho bila kukatizwa. Akikiri, ikubalike kuwa amekiri. Asilazimishwe kusimulia tena na tena ili wazee waridhike.

Kisha ije hesabu ya adhabu, na hapa kanuni za World Rugby, chama cha raga cha dunia, zafaa kuigwa, kwa sababu zimekataza kubahatisha. Kwa kumpiga mtu ngumi, jedwali lao laweka majuma 2 kwa kosa dogo la namna hiyo, 6 kwa la kati, na kuanzia 10 kwa lililo zito; wasikilizaji huamua kwanza uzito wa kitendo chenyewe, wakaanzia hapo, ndipo wanapotazama mtu: je, amekiri mapema, ni kijana mdogo, rekodi yake ni safi, ameomba radhi? Hayo yote yanaweza kupunguza adhabu, lakini si kwa zaidi ya nusu. Taratibu hii humzuia mwenyekiti kumwonea huruma mfungaji wa mabao na kumkamia mchezaji wa akiba kwa kosa lile lile, ugonjwa ambao hatuna haja ya kuueleza kwa urefu, maana hakuna klabu isiyoujua.

Makosa ya mahudhurio yasichanganywe kamwe na makosa ya ukali. Kijana wa Urambo, Sikonge au Kaliua ambaye haonekani mazoezini wakati wa kuchuma na kukausha tumbaku hakuvunja nidhamu. Amekwenda kusaidia wazazi wake, na kanuni ambayo haijui majira ya kilimo ya nchi yake imeandikwa kwa ajili ya nchi nyingine. Faini za fedha nazo twazishuku. Shilingi 10,000 kwa mwana wa mfanyabiashara ni maneno tu, ilhali kwa kijana wa bodaboda ni kazi ya siku nzima au zaidi. Adhabu moja imekuwa mbili kwa watu wawili wenye kosa moja.

Lakini kuna desturi moja ambayo twaikataza bila ya kusitasita, ijapokuwa wengi waiona haina madhara: kumwadhibu mchezaji kwa kumpa kazi ya klabu, afue jezi za timu nzima, apige mistari ya chokaa, abebe ndoo za maji. Siku klabu inapofanya hivyo, yule mama anayefua jezi kila Jumapili kwa mapenzi yake, na yule mzee anayepiga chokaa tangu alfajiri, wamekwisha ambiwa mbele ya watu kwamba kazi yao ni ya wenye hatia. Aliyekosa anaweza kuhimizwa, kwa hiari yake, ahudhurie mafunzo ya waamuzi, na aghalabu atarudi akiwa mtu mwingine, kwa kuwa amekwisha shika filimbi na kusikia anavyosemwa mshika filimbi. Hayo ni mafunzo. Kufua jezi ni hisani, na hisani haitolewi kwa hukumu.

Wadhifa na mwenye wadhifa

Watu wengi hudhani kwamba mtu wa kujitolea hapaswi kuulizwa, kwa kuwa anafanya bure. Matokeo yake ni kwamba kila jambo linakuwa la wote, na la wote huwa halina mwenyewe. Mwezi Agosti 2023 timu ya Tabora iliingia katika mchezo wake wa kwanza wa Ligi Kuu, uwanja wa Azam Complex, Chamazi, ikiwa na wachezaji 8 tu, kwa kuwa wengine hawakuwa na kibali cha kucheza. Na mchezo ukavunjika katika kipindi cha kwanza, wachezaji walipopungua chini ya 7 wanaotakiwa na sheria. Ile ilikuwa klabu ya kulipwa, yenye macho ya nchi nzima juu yake. Klabu ya ridhaa hupata msiba huo huo kimyakimya, asubuhi ya mashindano ya wilaya, pale inapogundulika kwamba kila mmoja alidhani leseni zimechukuliwa na mwenzake.

Kwa hiyo kila kazi iwe na jina la mtu mmoja, na muda wake, na mtu wa kumpokea. Mwaka mmoja watosha kwa wadhifa mzito. Anayeachiwa miaka saba huishia ama kuchoka ama kuiona klabu kuwa mali yake, na yote mawili ni hasara. Mweka hazina aandike stakabadhi hata kwa mchango wa shilingi mia tano, wala asione kwamba anatuhumiwa, kwa kuwa stakabadhi humlinda yeye kabla ya kumlinda mwingine yeyote. Aidha, fedha ya klabu isikae katika simu ya mtu mmoja pasipo mtu wa pili kuona hesabu yake kila mwezi. Mahali penye watoto, wawepo daima watu wazima wawili, si mmoja, hata kama huyo mmoja ni mcha Mungu.

Wadhifa ambao hauna budi kupewa nguvu kupita umri na elimu ya mwenyewe ni ule wa mtu wa huduma ya kwanza. Mchezaji aliyegongwa kichwa, akapepesuka, akasahau matokeo, akalalamika kuumwa kichwa au kuona ukungu, atolewe, wala asirudi siku ile kwa hali yoyote, na kabla ya kurejea kucheza aonwe na tabibu. Mtikiso wa ubongo hauonekani kwa nje, na pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona laweza kuua. Basi iandikwe katika kanuni kwamba binti wa miaka ishirini mwenye kisanduku cha dawa akisema "atoke", mwalimu, nahodha na mwenyekiti hawana ruhusa ya kubishana naye. Anayebishana naye ashitakiwe kwa taratibu ile ile iliyoelezwa juu.

Nahodha ana kazi yake peke yake. Katika raga ndiye anayesema na mwamuzi, na wengine hunyamaza, hata pale uamuzi unapoonekana kuwa wa ajabu. Na klabu ya kandanda ikiiga desturi hiyo, nusu ya kadi za njano zitakosa mtu wa kupewa.

Mwisho, klabu isiyoandikishwa kwa Msajili chini ya sheria ya mwaka 1967 iliyounda Baraza la Michezo la Taifa haina pa kukatia rufani wala pa kudai haki yake, na kanuni zake zote, hata zikiwa nzuri kupita hizi, ni maneno kati ya marafiki. Nenda kwa Afisa Michezo wa wilaya yako na rasimu ya katiba mkononi. Na katika mkutano wa klabu unaofuata, kabla ya kuzungumzia jezi mpya, wachagueni watu watatu wa kusikiliza mashauri na mmoja wa huduma ya kwanza, muyabandike majina yao mahali ambapo kila mchezaji atayasoma.