Je, Mtoto Huyu Hasikii?



Huko Zirai, katika milima ya Usambara, kama ilivyo kwingineko nchini, mzazi aliyechoshwa na mwanawe husema: "Mtoto huyu hasikii!" Neno hili lina maana mbili: kwamba mtoto hatii, au kwamba masikio yake hayapokei sauti. Yatupasa tujue ni ipi kabla ya kushika fimbo. Basi na tuitazame safari ya sauti.

Mtu aitapo kutoka ng'ambo ya bonde, sauti yake ni mtikisiko wa hewa uendao kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Mtikisiko huo hupiga ngoma ya sikio, nayo huvitikisa vifupa vitatu vidogo: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku husukuma maji yaliyomo katika sikio la ndani, ambalo limejizungusha mfano wa nyumba ya konokono. Humo mna seli zenye vinyweleo, zipatazo 15,000 katika kila sikio. Zilizo karibu na mlango hupokea sauti nyembamba, na zilizo mwisho hupokea sauti nzito. Zikitikiswa, mshipa wa fahamu hupeleka habari kwenye ubongo kwa njia ya umeme.

Kwa hiyo sikio hupokea, bali ubongo ndio unaofahamu. Kwa kulinganisha masikio mawili, ubongo hutambua tofauti ya wakati isiyofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, ukajua mwitaji yuko upande gani. Tena ubongo hufundishika. Katika Kishambaa, kupanda na kushuka kwa sauti huweza kugeuza maana ya neno. Katika Kiswahili sivyo. Mtoto wa Kishambaa huyajua hayo tangu angali mgongoni mwa mamaye. Lakini mtoto asiyepata sauti wala lugha ya ishara katika miaka yake ya kwanza hupitwa na wakati ulio bora wa kujifunza lugha.

Wahenga walisema: Sikio la kufa halisikii dawa. Na kweli, seli zile zikifa kwa binadamu hazioti tena. Huuawa na kelele kubwa za muda mrefu, kama za mashine za kupasua mbao, na pia na baadhi ya dawa kali za sindano, kama vile streptomaisini. Hata hivyo, si kila uziwi ni wa namna hiyo. Nta iliyoziba na usaha hutibika, mradi mgonjwa afikishwe hospitali mapema, wala asitiwe mafuta au kijiti sikioni. Na tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili imekuwa ikipandikiza chombo kinachopeleka umeme moja kwa moja kwenye mshipa wa fahamu; kisha mtoto hufundishwa kusikia.

Basi, ndugu mzazi, simama nyuma ya mwanao asipokuona, umwite kwa sauti ya chini, mara kadhaa, kwa siku mbalimbali. Asipogeuka, usimpige. Mpeleke akapimwe. Huenda mtoto uliyemwita mkaidi hajapata kulisikia hata jina lake.