Moshi wa Ekzosi Ndani ya Ndege Ndogo: Mwongozo kwa Mafundi na Marubani

Mwongozo huu unawahusu mafundi na marubani wa ndege ndogo za injini ya pistoni, pamoja na wale ambao kazi huwapandisha ndege hizo: askari wa wanyamapori, wapima ardhi, waganga wanaofuata wagonjwa vijijini.

Usiku wa tarehe 21 Januari 2019, ndege aina ya Piper Malibu iliyotoka Nantes, Ufaransa, kwenda Cardiff, Wales, ilianguka baharini kaskazini mwa kisiwa cha Guernsey. Ilikuwa na watu wawili, rubani na mchezaji mpira Emiliano Sala wa Argentina, na wote walikufa. Damu ya Sala ilipopimwa, asilimia 58 ya hemoglobini yake ilikutwa imeshikwa na kaboni monoksidi. Kiwango kinachopita asilimia 50 kwa kawaida huhesabiwa kuwa chaweza kumuua hata mtu mwenye afya. Ripoti ya wachunguzi wa Uingereza ya Machi 2020 ilisema yumkini rubani naye alikuwa amelewa gesi hiyo. Ndege ilimponyoka akiwa anakata kona kwa mwendo wa kasi mno, ikavunjika ingali angani. Watu walizungumza sana kuhusu leseni ya rubani, ambayo haikumruhusu kubeba abiria kwa malipo. Kosa hilo ni zito, ila leseni haitoboi bomba la ekzosi.

Katika nyingi kati ya ndege hizi ndogo, joto la hita hupatikana kwa kupitisha hewa ya nje kuzunguka bomba la ekzosi. Bomba likipata ufa, hewa hiyo huingia kwa abiria pamoja na kaboni monoksidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Na asijidanganye anayerukia nchi za joto kwamba hawashi hita: moshi hupita pia kwenye matundu ya ukuta unaotenga injini na chumba cha rubani, na kwenye mipira ya milango iliyochakaa.

Fundi, ondoa kifuniko kinachozunguka bomba. Ukitazama kwa nje tu hujakagua. Tafuta nyufa, vibanio vilivyolegea, na madoa ya kijivu au meupe kwenye maungio. Kisha sukuma hewa ya mgandamizo mdogo ndani ya ekzosi, injini ikiwa imepoa, na upake maji ya sabuni. Povu litakuonyesha panapovuja, kama fundi pancha anavyolitafuta tundu la mpira. Fuata kiwango cha mgandamizo kilichoandikwa kwenye kitabu cha ndege. Hata hivyo, ripoti ile ilieleza wazi kwamba ukaguzi hauondoi hatari yote, kwa kuwa bomba zima leo laweza kupasuka kesho angani.

Ndiyo maana ndege iwe na kifaa cha kunusa gesi chenye king'ora. Kadi ya kubandika inayobadilika rangi ni rahisi kununua, lakini inamtaka rubani aitazame, na rubani aliyelewa gesi hatazami kitu. Kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kisiaminiwe hapa: hakitofautishi oksijeni na kaboni monoksidi, hivyo kitasoma vizuri huku mtu akifa.

Rubani, king'ora kikilia, au abiria akisema kichwa kinamuuma, ana kichefuchefu au usingizi usio wa kawaida, usingoje uhakika. Funga hita, fungua matundu yote ya hewa safi, vaeni oksijeni ikiwapo, mwarifu mwongoza ndege, kisha tua kwenye kiwanja cha karibu kinachofaa. Abiria aambiwe kabla ya kuruka kwamba dalili hizi si za kuonea haya; wengi hudhani ni kichefuchefu cha safari na hunyamaza.

Mkishatua, wote waliokuwemo wapelekwe hospitali na wamweleze daktari waziwazi kuwa wamevuta moshi wa injini, ili damu ipimwe mapema. Ndege ibaki chini mpaka panapovuja paonekane na parekebishwe.